Maji ya Baridi Juani: Maswali na Majibu Kuhusu Deli, Barafu na Kiu

Kaskazi ikishaanza kuvuma, kati ya Desemba na Machi, mji kama Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hukosa pa kupumulia. Joto hupanda hadi nyuzi 32 au 33, na kwa kuwa hewa imejaa unyevu, jasho hubaki limetapakaa mwilini bila kukauka. Jasho lisilokauka halipozi mwili, linakupotezea maji bure. Ndiyo maana siku hizi mafundi ujenzi, vijana wa bodaboda na mama lishe wengi hutoka nyumbani na deli la maji, yaani chombo chenye mfuniko kinachotunza ubaridi. Wanafanya jambo la maana, ila yapo mambo machache yanayoamua kama deli hilo litakulinda au litakulaza kitandani.

Maji ya baridi yana faida gani kuliko maji ya kawaida?

Kinachookoa mwili ni wingi wa maji unayokunywa. Maji ya vuguvugu na ya baridi yote huondoa upungufu wa maji. Tofauti inakuja kwenye unywaji wenyewe: chupa iliyokaa juani tangu asubuhi mtu huipiga mafunda mawili akaiweka chini, lakini maji yaliyopoa hadi nyuzi 10 au 15 hunywa kikombe kizima na kurudia. Hayahitaji kuwa ya kuuma meno.

Jambo la pili ni umbali. Deli lililofungiwa stoo halimsaidii fundi aliye juu ya jukwaa ghorofa ya tatu. Liwe mahali ambapo mtu analifikia bila kuomba ruhusa. Na nasema wazi: kwenye saiti, deli na maji yake ni juu ya mwenye kazi. Si haki saidia fundi akatwe posho yake ili anywe maji.

Ninywe kiasi gani?

Kwa mtu mzima mwenye afya anayefanya kazi nzito juani, kikombe kimoja cha robo lita kila baada ya dakika 15 hadi 20. Hiyo ni kama robo tatu ya lita hadi lita moja kwa saa. Watu 4 wakifanya kazi saa 5 za jua watamaliza lita 15 hadi 20, yaani dumu moja la lita 20. Ukiona dumu limerudi nusu jioni, ujue kuna watu hawakunywa.

Usisubiri kiu, maana kiu huja umeshachelewa. Lakini pia usifidie kwa kugugumia chupa tatu kwa mkupuo. Ukizidisha lita moja na nusu kwa saa, chumvi katika damu inaweza kushuka sana, na hiyo nayo ni hatari. Angalia mkojo: ukiwa na rangi hafifu ya manjano uko vizuri, ukiwa wa rangi ya chai ongeza maji. Ukiendelea kuwa mweusi hata baada ya kunywa, nenda kituo cha afya.

Je, ni kweli kwamba maji ya baridi huleta nimonia?

Hapana. Nimonia husababishwa na vimelea, wala haianzi kwa sababu umekunywa maji ya friji huku unatoka jasho. Maji yakifika tumboni hupata joto la mwili baada ya muda mfupi. Wapo wanaopata shida ya kweli: mwenye meno yenye ganzi, mwenye kipandauso, na baadhi ya wenye pumu. Hao wanywe maji yaliyopoa kiasi tu. Kumnyima maji ya baridi mtu anayefanya kazi juani kwa kuogopa kifua ni kumwongezea hatari iliyo kubwa zaidi.

Barafu ninayonunua mtaani naweza kuitia moja kwa moja kwenye maji ya kunywa?

Hapa ndipo penye tatizo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Barafu ni maji. Kama maji yaliyogandishwa yalikuwa machafu, barafu yake ni chafu vilevile. Watu wengi huamini ubaridi unaua vijidudu, lakini ubaridi huvilaza tu. Vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo vinaweza kustahimili kugandishwa, na barafu ikiyeyuka kwenye kikombe chako vinaamka. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa mikoa mingi, na ugonjwa huo hupita katika maji na chakula kilichochafuliwa, barafu ikiwemo.

Yale mabonge makubwa yanayouzwa kwenye masoko ya samaki kama Feri, Dar es Salaam, ni ya kuhifadhia samaki. Hukokotwa sakafuni, hupondwa kwa nyundo, hufunikwa kwa gunia lililolowa. Kwa samaki yanafaa, kwa kikombe cha mtu hayafai. Ukiwa huna barafu nyingine, yatumie nje ya chombo: panga chupa za maji zilizofungwa vizuri, zungushia barafu, kisha futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi kabla ya kunywa.

Njia bora ni kugandisha mwenyewe. Chemsha maji au yatie kidonge cha klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na usubiri dakika 30. Jaza chupa ya plastiki, acha nafasi juu kwa sababu maji yakiganda hutanuka, funga, weka kwenye friza usiku. Asubuhi unaitumbukiza kwenye deli ikiwa bado imefungwa, na ikiyeyuka inakuwa maji ya kunywa. Hakuna kinachopotea.

Deli lenyewe lioshwe kila siku kwa sabuni, hasa koki na mfuniko, kwani utelezi huanzia huko. Angalau mara moja kwa wiki lisuuze kwa maji ya klorini, kijiko kimoja cha chakula cha dawa ya kawaida ya kufulia yenye klorini, isiyo na manukato, kwa lita 4 za maji, kisha liache likauke wazi. Deli lisilo na koki lina hatari zaidi, kwa sababu kila mtu anachovya kikombe na mkono wake. Kama ndilo ulilo nalo, weka kata moja yenye mpini mrefu, na kila mtu awe na kikombe chake. Deli lililobeba samaki au nyama mbichi lisirudi kubeba maji.

Mbona barafu yangu inaisha kabla ya saa 6 mchana?

Mara nyingi deli halina kosa, mikono ndiyo inayolimaliza. Kila mfuniko ukifunguliwa hewa ya moto inaingia. Liweke kivulini, lisikae juu ya zege au bati lenye moto, na lifunike kwa kitambaa cheupe. Maji unayotia yawe yamepoa tangu usiku. Nafasi tupu ndani izibe kwa chupa nyingine.

Barafu hunyonya joto jingi wakati wa kuyeyuka kuliko watu wanavyofikiri. Chupa moja ya nusu lita iliyoganda ina uwezo wa kushusha lita 2 za maji kutoka nyuzi 30 hadi karibu nyuzi 10, mradi chombo hakipitishi joto. Hata boksi jeupe la foamu lenye mfuniko unaobana, au ndoo iliyozungushiwa sponji na gunia, linafanya kazi hiyo vizuri kwa nusu siku.

Sina friji, deli wala umeme. Nifanyeje?

Mtungi wa udongo. Maji hupenya polepole kwenye matundu madogo ya udongo, yanakauka kwa nje na kuondoka na joto. Dodoma au Singida wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu, mtungi uliowekwa kivulini penye upepo hupoza kweli. Pwani hupoza kidogo tu kwa sababu ya unyevu, ila bado ni afadhali kuliko dumu la juani. Safarini, soksi safi iliyolowa ukiivisha chupa ukaining'iniza penye upepo inafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

Soda, au vinywaji vya kuongeza nguvu?

Si mbadala wa maji. Sukari ni nyingi, na pombe ndiyo mbaya kabisa juani. Anayekula milo yake kawaida hurudisha chumvi kwa chakula. Anayetapika au kuharisha anahitaji ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari inayochanganywa na maji. Ikikosekana, changanya lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa msawazo.

Na watoto na wazee?

Mtoto chini ya miezi 6 anyonye tu, hata kukiwa na joto kali. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Usimpe maji. Mzee hasikii kiu kama zamani, basi mpelekee kikombe bila kungoja aombe. Wenye ugonjwa wa moyo au figo, na wanaotumia dawa za presha za kuongeza mkojo, wamuulize daktari wao kiasi cha kunywa, kwani vipimo vya hapo juu si vyao.

Mwenzetu ameanguka juani, anaongea maneno yasiyoeleweka. Tumpe maji ya deli?

Usimnyweshe aliyechanganyikiwa au kuzimia, maji yanaweza kuingia kwenye mapafu. Kuchanganyikiwa kwenye joto kali ni dalili kwamba joto la mwili huenda limepita nyuzi 40, na hapo ubongo unaumia. Deli litumike kwa namna nyingine: mhamishie kivulini, mvue nguo nzito, mmwagie maji yake mwili mzima huku mwingine akimpepea kwa kipande cha boksi, na weka chupa za barafu zilizofungwa kwa kitambaa shingoni, kwapani na kwenye kinena. Mmoja wenu atafute gari la kumpeleka hospitali wakati huohuo, lakini kumpoza kusisubiri gari lifike, na muendelee kumpoza njiani.