Dawa ya "akihitaji": umechoma sindano, kazi bado

Kwenye chati za wodi ya upasuaji hazikosekani herufi tatu: PRN. Ni kifupi cha Kilatini, pro re nata, yaani dawa itolewe haja ikitokea, si kwa saa zilizopangwa. Dhana potofu kuhusu dawa hizi ni nyingi, na baadhi tunazo sisi wauguzi wenyewe.

"Nimechoma, nimesaini, nimemaliza."

Sahihi inaonyesha dawa imeingia. Haionyeshi kama maumivu yamepungua. Mofini, dawa kali ya maumivu, ya mshipani inataka urudi ndani ya dakika 15 hadi 30, ya kumeza baada ya saa moja hivi, uulize kwa kipimo kilekile ulichotumia kabla ya kuchoma: sifuri ni hakuna maumivu, kumi ni makali kupita yote.

Nikiwa mgeni kazini, usiku mmoja nilimchoma mzee aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa ngiri. Alisema maumivu ni nane. Nikaandika "amepewa dawa", nikakimbilia mgonjwa mwingine aliyekuwa anatoka thieta. Asubuhi, tukikabidhiana zamu, sista akaniuliza, "Ilishuka mpaka ngapi?" Nikanyamaza. Mzee akajibu mwenyewe kitandani: "Ilibaki palepale, mwanangu. Nilikuona una kazi nyingi." Sista akamgusa chini ya kitovu: kibofu kimejaa, kigumu kama mpira. Hakuwa amekojoa usiku kucha. Alipowekewa mpira wa mkojo, nane ikawa mbili. Ningerudi baada ya nusu saa, dawa kushindwa kufanya kazi kungenipa habari hiyo mapema.

"Amelala, basi imemkubali."

Labda. Lakini mtu huweza kusinzia na maumivu yake, na baada ya mofini usingizi mzito mara nyingi hutangulia pumzi kupungua. Mwite jina, kisha hesabu pumzi dakika nzima. Zikiwa chini ya kumi, au haamki vizuri, usichome tena: mpe oksijeni, ita daktari, naloksoni, dawa inayozima nguvu ya mofini, iwe karibu.

"Hajaomba, hana maumivu."

Bibi wa miaka sabini ukimuuliza "Shikamoo bibi, hujambo?" atakujibu "Marahaba, sijambo mwanangu" hata kama kidonda kinamchoma. Hiyo ni salamu, si kipimo. Mwambie akohoe au ageuke upande, umtazame uso.

"Akihitaji ni wakati wowote."

Kikomo kipo. Parasetamo kwa mtu mzima ni gramu 1 kwa mara moja, kukiwa na saa 4 au zaidi katikati, na isizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Waulize na ndugu: Panadol iliyokuja na chupa ya uji haimo kwenye chati.

"Anayeomba kila saa ni msumbufu."

Mara nyingi dozi ndiyo ndogo. Daktari akikuta imeandikwa kwamba kila baada ya saa mbili maumivu yanarudi saba, anaweza kuongeza dozi au kuipanga kwa saa. Akikuta sahihi tupu, hana pa kuanzia.

Rekodi yenyewe ni mistari miwili tu:

20:10 – maumivu 8/10, mofini mshipani, pumzi 18.
20:40 – maumivu 3/10, pumzi 16, yuko macho, anaongea.

Chati nyingi nilizowahi kufungua zina ule wa kwanza peke yake.