Mtoto mwenye ulemavu wa akili akae na wenzie, ila kazi apewe inayomfaa

Walimu na wazazi wa Mtwara na Lindi, tuongee kidogo. Kuna shule zinasema zina elimu jumuishi, yaani watoto wote wanasoma pamoja, ila ukifika unakuta kitengo cha watoto wenye ulemavu kiko kule pembeni, watoto hao wanakutana na wenzao mstarini asubuhi na kwenye uji basi. Au kinyume chake, mtoto anaingizwa darasani, anakaa dawati la nyuma, anachorachora mpaka kengele. Mi naona hii ya pili ndo mbaya zaidi, mana kila mtu anaamini mtoto anasoma.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka asome shule ya kawaida na apate msaada anaouhitaji. Kumuweka tu sio msaada.

Chukua hisabati darasa la tatu, wenzie wanatoa kwa kukopa. Yeye mpe korosho kumi mezani (nzima, zisiwe zimepasuka, yale mafuta ya ganda yanaunguza ngozi), mwambie toa tatu, zimebaki ngapi? Somo ni lile lile la kutoa, ila kiwango ni chake, na kesho unarudia hilo hilo na keshokutwa pia, usichoke, mana anachelewa kushika na asiporudia alichoshika kinapotea.

Alafu maelekezo. Ukisema "toeni madaftari, andikeni tarehe, nakilini zoezi" umeshatoa amri tatu na yeye kabaki na ya kwanza, wengine wanaona mkaidi. Mpe moja, subiri afanye, ndo utaje ya pili. Mkalishe na mwenzie wa kumuonyesha, sio wa kumfanyia, na huyo mwenzie abadilishwe asichoke. Darasa limejaa najua, kwahiyo mwalimu wa kitengo asikae kule peke yake, aliyesoma Patandi (chuo cha ualimu wa elimu maalumu kule Arusha) anajua kupanga malengo ya mtoto mmoja mmoja, kaeni nae mpange wiki nzima.

Wazazi, hii sio laana wala mkono wa mtu. Saa ingine mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au malaria ilipanda kichwani, au amezaliwa na kromosomu ya 21 ya ziada (ndo wanaita Down syndrome). Kwahiyo usimfiche ndani. Na msimu wa korosho ukifika usimtoe shule kwenda nae shamba, akikosa wiki kadhaa anarudi nyuma kuliko wenzie. Jioni sawa, achambue nzima kule mbovu huku, huku anahesabu kwa sauti, hapo anasoma vizuri tu.

Mwisho wa muhula usimuandikie "wa 71 kati ya 71", hiyo haimwambii mzazi chochote. Andika Januari alihesabu mpaka 5, Juni anafika 12 na jina lake anaandika bila kufuatisha.