Matriksi na bei ya dagaa wa Kibirizi: dhana potofu kuhusu milinganyo

Tuseme mteja mmoja pale Kibirizi, Kigoma, amenunua kilo 2 za dagaa na lita 3 za mawese kwa shilingi 45,000. Mwenzake kachukua lita 1 ya mawese na kilo 4 za dagaa, kalipa 65,000. Bei ni zilezile. Kilo ya dagaa tuiite d, lita ya mawese m, na fedha tuzihesabu kwa maelfu:

2d + 3m = 45
m + 4d = 65

Tunataka kuiandika milinganyo hii kwa matriksi, yaani jedwali la namba lenye safu mlalo na safu wima.

Dhana: namba zinanakiliwa kama zilivyokaa

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopoteza alama, hata wale hodari wa kukokotoa. Safu mlalo ya kwanza wanaandika 2 na 3, ya pili 1 na 4. Ukiendelea hivyo, lita ya mawese inatoka 17,000 na kilo ya dagaa hasi 3,000, yaani mchuuzi akupe dagaa na hela juu! Kwenye matriksi ya namba herufi hazipo tena, kwa hiyo nafasi ndiyo inayobeba jina. Safu wima ya kwanza yote ni ya dagaa, ya pili yote ni ya mawese. Panga kwanza, 4d + m = 65, ndipo uandike:

[2 3] [d] = [45]
[4 1] [m] = [65]

Matriksi ya 2, 3, 4 na 1 tuiite A, ya d na m tuiite X, ya 45 na 65 tuiite B, yaani AX = B. Sasa d ni 15 na m ni 5. Hakiki: 30 + 15 = 45, na 60 + 5 = 65. Angalia pia kwamba m iliyosimama peke yake imeandikwa 1. Mlinganyo usio na mawese kabisa ungepewa 0 mahali hapo. Nafasi haiachwi wazi. Alama ya kutoa nayo huingia pamoja na namba yake.

Dhana: AX na XA ni mamoja

A ni 2 kwa 2 (safu mlalo 2, safu wima 2), X ni 2 kwa 1. AX inazidishika, XA haizidishiki. Ndiyo maana unapotafuta X, kinyume cha A, yaani matriksi inayoiondoa A katika AX na kubakiza X, hutangulia B.

Dhana: A lazima iwe mraba

Akija mteja wa tatu, A inakuwa na safu mlalo 3 na safu wima 2, na AX = B inabaki sahihi. Kinachokosekana ni kinyume cha A tu.

Dhana: determinanti ikiwa sifuri, hakuna jibu

Hii naiona ndiyo yenye madhara zaidi, maana mwanafunzi huweka kalamu chini mapema. Chukua 2d + 3m = 45 na 4d + 6m = 90. Determinanti, yaani 2 × 6 toa 3 × 4, ni sifuri, lakini mlinganyo wa pili ni ule wa kwanza mara mbili, hivyo majibu hayana idadi. Badili 90 iwe 100, milinganyo inapingana na jibu halipo. A ni ileile katika hali zote mbili. Kilichobadilika ni B, kwa hiyo itazame B kabla ya kuamua.