Magoti Yanayouma: Anza kwa Kujifunza Upya Kuinuka Kitini

Wengi wanaofika kliniki ya fiziotherapia wakiwa na magoti yanayouma huwa tayari wameshaambiwa mtaani kwamba "ute umekauka". Kauli hiyo imezaa biashara ya maji ya bamia, vidonge vya kuongeza ute na mafuta ya kuchua. Tuanze hapo, kwa sababu mtu anayeamini goti lake ni bawaba iliyoishiwa grisi ataogopa kulikunja, na kuogopa huko kunaliumiza goti kuliko kazi yenyewe.

Ncha za mifupa zinazokutana gotini zimefunikwa na gegedu, tabaka telezi lenye unene wa milimita chache tu. Katika osteoathraitisi, ambao ndio ugonjwa wa viungo unaowapata watu wengi zaidi, gegedu hupungua, mfupa ulio chini yake hukakamaa na kuota vijipembe kandokando, na utando wa ndani wa kiungo hupata uvimbe. Ute haukauki. Goti lililovimba mara nyingi lina ute mwingi kuliko kawaida, ila umekuwa mwepesi. Bamia ni mboga nzuri, lakini utelezi wake humeng'enywa tumboni kama chakula kingine chochote. Hauna njia ya kufika gotini.

Gegedu la mtu mzima halina mishipa ya damu. Lishe yake hutoka kwenye ute huohuo, na hulifikia kwa namna ya sponji: unapokanyaga linaminywa, unapoinua mguu linaachiwa na kufyonza. Goti lililokaa kutwa bila kusogezwa limekaa kutwa bila kula. Hapohapo kuna msuli wa mbele wa paja, unaopokea sehemu kubwa ya kishindo cha kila hatua. Goti likiuma, ubongo huupunguzia msuli huo nguvu. Wiki chache za kukwepa kutembea zinatosha paja kusinyaa, kishindo kikabaki kwenye mfupa, na maumivu yakazidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa na osteoathraitisi, na goti ndilo lililoongoza.

Kwanza ujue unaumwa nini

Osteoathraitisi huuma zaidi kiungo kinapotumika na hutulia ukipumzika. Ukakamavu wa asubuhi kwa kawaida hauzidi nusu saa. Ukiamka na vidole vya mikono yote miwili vimevimba na kukakamaa kwa zaidi ya saa nzima, mwili ukiwa mchovu, hiyo inaweza kuwa baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo vyake yenyewe. Hiyo inataka dawa za hospitali mapema, kabla viungo havijaliwa, na mazoezi peke yake hayatoshi. Kidole gumba cha mguu kikiwaka moto ghafla usiku, fikiria jongo (gauti).

Nenda hospitali siku hiyohiyo ikiwa goti ni jekundu, la moto na una homa, ikiwa huwezi kulikanyagia baada ya kuanguka, ikiwa limejifunga halinyooki, au ikiwa shavu la mguu mmoja (nyama ya nyuma chini ya goti) limevimba na linauma.

Kusikiliza mwili, dakika 3

Hakuna fumbo hapa. Kiungo kinachouma hupoteza sehemu ya uwezo wake wa kuujulisha ubongo kiko wapi na kimebeba nini, na uwezo huo unaweza kufundishwa.

Keti kwenye kiti kigumu, miguu pekupeku, nyayo zote zimekanyaga sakafu. Pitisha mawazo taratibu kutoka juu kwenda chini: taya, mabega, tumbo, mapaja. Utashangaa mara ngapi paja limekazwa ilhali umekaa tu. Msuli hukaza wenyewe kulilinda goti, lakini mkazo huo hukibana kiungo na kukiongezea maumivu. Vuta pumzi puani kwa hesabu ya 4, itoe polepole kwa hesabu ya 6, na kila pumzi ikitoka liachie paja. Rudia mara 10.

Kisha simama ukishika meza. Uzito uko mguu gani? Uko kisiginoni au vidoleni? Kagua pia kandambili ulizozivaa miezi mingi. Upande mmoja ukiwa umelika kuliko mwingine, umeuona mwendo wako ulivyo. Huo si uchunguzi wa ugonjwa, ila unakuonyesha pa kuangalia.

Zoezi lenyewe: kuinuka na kuketi

Likiwa lazima lichaguliwe zoezi moja, liwe hili, kwa kuwa unalifanya kila siku upende usipende, na watu wengi hulifanya vibaya.

Chukua kiti imara kisicho na magurudumu, chenye kimo cha sentimita 45 hivi, ukiegemeze ukutani kisirudi nyuma. Sogea mbele hadi nusu ya mapaja iwe nje ya kiti. Vuta nyayo nyuma kidogo, visigino viwe nyuma ya magoti, miguu ikiachana kwa upana wa nyonga. Inamisha kifua mbele kuanzia nyonga, mgongo ukiwa umenyooka, hadi pua iwe mbele, wima juu ya vidole vya miguu. Hapo utahisi uzito umehama kutoka makalioni kwenda nyayoni. Subiri uhisi hivyo, kisha sukuma sakafu kwa visigino, toa pumzi na inuka kwa hesabu ya 3. Kurudi chini tumia hesabu ya 5, ukiguse kiti kama vile kimewekewa mayai.

Makosa ni yaleyale. Nyayo zikiwa mbele mno, mtu hulazimika kujirusha. Magoti yakikumbatiana wakati wa kuinuka, mzigo huelemea upande mmoja wa kiungo. Kila goti lielekee kidole cha pili cha mguu wake. Mwingine hubana pumzi, na presha hupanda. Kosa kubwa kuliko yote ni kujibwaga wakati wa kuketi, kwa maana kule kushuka polepole ndiko kunakoujenga msuli.

Fanya mara 8, pumzika dakika 1 hadi 2, rudia mizunguko 2 au 3, siku 3 kwa wiki, ukipitisha siku moja katikati. Ukishindwa kuinuka bila kujisukuma kwa mikono, kunja blanketi ulipandishe kalio sentimita 10. Kila baada ya wiki moja au mbili ondoa mkunjo mmoja.

Asiyeweza hata hivyo aanzie kitandani: viringisha kanga, iweke chini ya goti, likandamize goti chini kwa sekunde 5 huku ukiushika msuli wa paja kwa kiganja uhisi ukikaza, kisha achia kabisa. Mara 10 kila mguu. Hata wenye nafuu hufaidika wakifanya hivi asubuhi kabla ya kushuka kitandani.

Maumivu kiasi gani ni sawa?

Yape maumivu alama kuanzia 0 hadi 10. Yakiwa 0 hadi 2, endelea. Yakiwa 3 hadi 5, ruksa, ilimradi kesho yake asubuhi goti limerudi katika hali yake ya kawaida na halijavimba. Yakipita 5, au yakiamka nawe kesho, kipimo kilizidi. Hapo usiache zoezi, punguza. Anza kwa kupandisha kiti, kisha punguza idadi. Goti kulia ko-ko-ko bila maumivu wala uvimbe si dalili ya kuvunjika kitu.

Mtego mkubwa ni siku njema. Mama anaamka hana maumivu, anafua nguo za wiki nzima, halafu siku tatu zinazofuata hawezi kunyanyuka. Pima muda. Kama maumivu huanza kupanda ukifika dakika ya 20, simama dakika ya 15, hata kama unajisikia vizuri. Weka kengele ya simu. Kupumzika baada ya kuumia kumechelewa.

Kazi za nyumbani zetu nyingi hulikunja goti kupita kiasi. Anayekuna nazi hukalia mbuzi aliye chini sana, magoti yakiwa juu karibu na kifua, na hubaki hivyo hadi nazi tatu ziishe. Nyoosha mguu unaouma mbele, badilisha mguu katikati ya nazi, na simama utembee hatua kadhaa kabla ya kuanza nyingine. Beseni la kufulia liwekwe juu ya meza, wewe ukisimama au ukikaa kiti kirefu. Kwa choo cha kuchuchumaa, seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu yake. Na Mwislamu ambaye kupiga magoti kunamuumiza ana ruhusa ya kuswali akiwa ameketi. Asijitese kwa kuona haya mbele ya watu msikitini.

Kwenye ngazi au daladala, panda kwa mguu mzima kwanza, shuka kwa mguu mgonjwa kwanza. Fimbo hushikwa mkono ulio upande wa pili wa goti linalouma, na hutangulia pamoja na mguu huo. Wengi huishika upande uleule na kuuegemea, hivyo mwili mzima unamwagikia goti bovu. Kimo chake kiishie usawa wa kifundo cha mkono ukiwa umesimama mikono imening'inia.

Michezo ya polepole imepimwa na imefaulu. Utafiti wa mjini Boston uliochapishwa mwaka 2016 ulilinganisha taichi, mazoezi ya polepole ya Kichina, na fiziotherapia kwa watu wenye osteoathraitisi ya goti, na baada ya wiki 12 makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu inayolingana. Walimu wa taichi ni wachache kwetu, lakini kiini chake unaweza kukifanya jikoni: shika ukingo wa meza, legeza magoti, hamisha uzito wote taratibu kwenda mguu wa kulia kwa hesabu ya 5, hadi wa kushoto uwe mwepesi kuweza kuinuliwa, kisha rudi. Dakika 5 zinatosha kuanzia.

Mwenye uzito mkubwa ajue kwamba kila kilo 1 inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo 4 kwa kila hatua. Dawa kama daiklofenaki na ibuprofeni zinaweza kukusaidia uanze kujongea, ila zikimezwa kila siku bila daktari huleta vidonda vya tumbo, hupandisha presha na kuumiza figo. Dawa za unga zisizo na lebo ziache kabisa. Baadhi hukutwa zimechanganywa na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe.

Nafuu ya mazoezi huchukua wiki 6 hadi 12, na wiki mbili za kwanza goti linaweza kulalamika kidogo. Andika kwenye daftari kila siku ya zoezi: kimo cha kiti, idadi ulizoinuka, alama ya maumivu wakati huo na kesho yake asubuhi. Wiki 12 zikipita bila badiliko, lipeleke daftari hilo kwa mtaalamu wa fiziotherapia, umwombe akutazame unavyoinuka.