Maji Yanayotoka Puani Baada ya Ajali SIO MAFUA: Maswali Kuhusu Harufu na Ubongo

Nahudumia majeruhi hapa Mwanza, wengi wa bodaboda, na kuna kitu kimoja nimechoka kukiona, mtu kaanguka anatokwa maji puani halafu anapewa dawa za mafua, ndo maana nimeandika haya maswali ninayoulizwa kila siku.

Dokta, hii balbu ya harufu ndo nini?

Ni vipande viwili vidogo vya ubongo, kimoja kulia kimoja kushoto, vimelala chini ya ubongo wa mbele, juu kabisa kwenye dari la pua. Kuna mzee aliniuliza kama inaungua kama ya taa, hapana mzee wangu, ni umbo tu. Kati ya balbu na pua kuna kamfupa kembamba kana matundu matundu kama chujio la chai, na kwenye hayo matundu zinapita nyuzi laini za neva kutoka puani kwenda juu. Harufu ya dagaa wa Mwaloni ikiingia puani inadakwa na vipokezi, binadamu tuna aina kama 400 (Linda Buck na Richard Axel wa Marekani walipata Nobel 2004 kwa kazi ya vipokezi hivi), taarifa inaenda kwenye balbu, halafu inafika haraka sana sehemu za ubongo zinazotunza kumbukumbu na hisia. Ndo maana moshi wa samaki unakukumbusha jiko la bibi Ukerewe kabla hata hujajua unanusa nini.

Sasa boda na pua vinahusiana nini?

Ukianguka ukapiga kisogo, ubongo unacheza ndani kama maji kwenye dumu lisilojaa na zile nyuzi zinakatika pale pale kwenye chujio, hata kama hakuna mfupa uliovunjika. Mtu anaamka, anaongea, anatembea, washkaji wanasema yuko fresh, wiki inayofuata anamgombeza mkewe kwamba siku hizi hajui kupika. Ulimi wake bado unajua chumvi na sukari, ila sehemu kubwa ya utamu wa sato inatoka puani, na pua imekata mawasiliano.

Na hako kamfupa kenyewe kakipasuka?

Hapo ndo nataka unisikilize. Ubongo unaelea kwenye maji yake, kamfupa kakipasuka pamoja na utando wake yale maji yanavuja mpaka puani. Yanakuwa meupe kama maji ya chupa, mara nyingi tundu moja tu la pua, yanazidi ukiinama, na kooni unasikia kaladha ka chumvichumvi. Hayo SIO MAFUA.

Kuna kijana aliletwa siku ya kumi na moja baada ya kuanguka. Kola ya shati imelowa, pamba puani mama yake kamwekea, mfukoni ana vidonge vya mafua vya duka la dawa. Nikatoa pamba nikamwambia ainame kidogo, tone, tone, tone, kwenye vigae. Halina rangi, halinati kama kamasi. Tayari alikuwa na homa na shingo imekaza, maana njia inayotoa maji nje ndo hiyo hiyo inayopitisha wadudu kuingia kwenye ubongo, na hiyo ndo homa ya uti wa mgongo, inayoua mtu ambaye ajali ilishamwacha hai.

Lakini hana maumivu, tusubiri siku ngapi tuone?

Sifuri. Kaanguka, pua inatoa maji, nenda hospitali leo.

Si yatakauka yenyewe?

Mwili unatengeneza hayo maji kama nusu lita kwa siku, kwa hiyo usikae unasubiri yaishe. Kweli, mengi yanaziba kwa kupumzika kitandani kichwa kimeinuliwa, ila mgonjwa awe wodini anaangaliwa, ameshapigwa CT scan, ile picha ya ndani ya kichwa, na yakigoma anafanyiwa upasuaji. Sio kitandani kwako Igoma na kikombe cha tangawizi.

Tukiwa njiani tufanye nini?

Akae kichwa juu, apanguse kwa kitambaa safi kwa nje tu. Asipenge, maana akipenga anasukuma hewa na uchafu kwenda kwenye ubongo. Asizibe na pamba. Asiweke matone, asivute maji ya chumvi, asijifukize. Na akiwa amevilia damu kuzunguka macho yote mawili kama kavaa miwani, ongezeni mwendo.

Bibi anasema ugoro unazibua pua.

Shikamoo bibi, lakini hapana. Na mafuta ya taa hapana, nani aliwafundisha haya jamani?

Bila ajali, kupoteza harufu ni ugonjwa wa ubongo?

Mara nyingi ni mafua yenyewe, korona, au umri. Ila ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, unaweza kuanza na pua miaka mingi kabla ya mikono, kwa hiyo mzazi asiyesikia harufu halafu ameanza kuwa mzito kutembea, mpeleke akaangaliwe.

Itarudi?

Wa korona wengi inarudi. Wa ajali wengine inarudi polepole, wengine hairudi kabisa, siwezi kukudanganya. Neva za kunusa zina bahati ya kuota upya, na kuna mazoezi, Thomas Hummel na wenzake Ujerumani waliyaandikia mwaka 2009: waridi, limao, karafuu na mkaratusi, unanusa kimoja kimoja sekunde kama kumi, asubuhi na jioni, wiki 12. Waridi ukikosa tafuta harufu nyingine uliyokuwa unaijua. Ni kwa ambaye pua yake haivuji. Inayovuja nimeshasema, na narudia, sio mafua, hospitali.

Haijarudi na mimi napika kwa gesi, nauza na dagaa.

Harufu ya gesi inawekwa makusudi ili uisikie ikivuja, wewe hutaisikia. Funga mtungi kila ukimaliza, paka povu la sabuni kwenye mpira na rigaleta, ukiona mapovu yanavimba funga, fungua madirisha, usiwashe kitu. Na dagaa, kila asubuhi mpe mwanao anuse gunia kabla hujalipeleka sokoni.