Kusema unachopenda kula kwa Kiholanzi: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ukishajua "houden van", yaani kupenda, umemaliza.

Ukweli: "Ik hou van vis", napenda samaki, ni sahihi, lakini mwenye lugha yake mara nyingi hatumii kitenzi cha kupenda kabisa. Husema "Ik eet graag vis". Kitenzi hapo ni kula. Kupenda kumo ndani ya kielezi "graag", yaani kwa kupenda, kwa moyo. Sisi tumezoea "napenda kula samaki", ndiyo maana tunakwama. Anza na tendo lenyewe, kula au kunywa, kisha tia "graag".

Neno hili dogo nalipenda kwa sababu linapanda ngazi. "Ik drink graag koffie": napenda kunywa kahawa. "Ik drink liever thee": napendelea chai. "Ik drink het liefst water": kuliko vyote, maji. Ukianza na "het liefst", kitenzi hubaki nafasi ya pili na mtenda huja nyuma yake: "Het liefst drink ik water". Kwa Waflemi wa Ubelgiji "graag" imefika hadi kwenye mapenzi: "Ik zie je graag" ni nakupenda.

Dhana: "Lusten" ni "houden van" kwa jina jingine.

Ukweli: "Lusten" ni kitenzi cha vyakula na vinywaji. "Ik lust geen spruitjes" ("spruitjes" ni kabichi ndogondogo) ni kama tunavyosema "mimi bamia sili": hazinipandi. Angalia pia ukanushi. "Lusten" hapa huchukua "geen", kwa kuwa chakula kinafuata kitenzi moja kwa moja. Kwenye "houden van", kile kihusishi "van" kinakaa katikati, basi ni "niet": "Ik hou niet van spruitjes". "Ik hou geen van" haipo.

Dhana: "Leuk", yaani -a kupendeza, hufaa kwa kila kizuri.

Ukweli: Filamu ni "leuk", gauni ni "leuk". Chakula ni "lekker": "Ik vind kaas lekker", naona jibini ni tamu.

Dhana: "Lekker" na "zoet" zote ni tamu.

Ukweli: Kwetu mchuzi mtamu na chai tamu ni neno moja. Kiholanzi kimezitenga: "lekker" ni ladha nzuri, "zoet" ni utamu wa sukari. Ukimsifu mwenyeji wako kwa "de soep is zoet", atadhani sukari imeingia sufuriani. Ila usingizi mtamu tumekutana: wao husema "lekker slapen".