Feni ya turbo, sumaku na maneno ya gereji
Gereji za Mwanga hapa Kigoma, turbo ya lori (feni mbili kwenye shafti moja: moshi wa ekzosi huzungusha moja, nyingine husukuma hewa kwenye injini) ikifunguliwa, hakosekani mtu wa kuleta sumaku. Ikinasa, ni chuma. Isiponasa, "hiyo alminiamu, tupa kwa skrepa."

Juzi nilijaribu mwenyewe. Sumaku iling'ang'ania shafti, ilipofika kwenye mapanga ya feni ya upande wa ekzosi ikateleza na kuanguka. Alminiamu? Ipime mkononi: nzito kama jiwe. Feni ya alminiamu ni ile ya upande wa pili, inayovuta hewa. Hii ya ekzosi kwa kawaida ni aloi ya nikeli, yaani nikeli iliyochanganywa na metali nyingine. Nikeli tupu hunaswa na sumaku, ila ikichanganywa na kromi ya kutosha tabia hiyo hupotea. Kwa kilo, nikeli inaizidi alminiamu bei mara kadhaa, na mwenye skrepa analijua hilo vizuri.

Wengine husema aloi hii inastahimili moto kwa kuwa inachelewa kuyeyuka. Sivyo. Chuma tupu huyeyuka kwenye nyuzi 1538, nikeli 1455, na aloi zake nyingi hata 1400 hazifiki. Shida ya joto huanza mapema zaidi: chuma kikiwa chekundu hulegea, ndiyo maana mhunzi hukifua kikiwa hivyo. Feni ikilegea huku inazunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, mapanga hurefuka polepole hadi yakwaruze nyumba yake. Kinachozuia hilo ni alminiamu, metali inayoyeyuka kwenye nyuzi 660 tu! Ikiungana na nikeli hufanya chembe ndogo mno zinazokaa ndani ya aloi kama kokoto kwenye zege, na metali haipati nafasi ya kuteleza.

Kutu ya moto nayo huzuiwa na kromi, kwa utando mwembamba wa oksidi. Waya wa jiko la koili mara nyingi ni ndugu yake: nikeli 80, kromi 20 kwa mia.

Kosa linalouma zaidi liko kwenye mashine ya kukereza, aloi hii inapochongwa. Utaambiwa: "Ni ngumu, iguse kidogo kidogo." Ukiisugua bila kuikata, uso wake unazidi kukomaa na ncha inakwisha. Punguza spidi, weka ncha kali ya kabaidi (ile ngumu sana ya kukatia metali), mwaga maji ya kupoozea, kisha zamisha ncha ikate kweli, wala usiiache ncha isugue mahali pamoja.